Mombasa kwa Buluu, Nairobi kwa Nyekundu

Dada yangu aliponiambia, "Kaka, neno la mwisho tumekuachia wewe," ilinipasa nikatae. Ningesema tu kwamba mimi ni mzee wa brashi na makopo ya rangi, mishahara ya siku hizi siijui, mwacheni mtoto aamue mwenyewe. Maneno hayo yangetosha, na pengine yangenipa heshima. Badala yake nilikohoa kidogo, nikajiweka sawa kwenye kiti, nikasema nitaipima miji yote miwili na Ijumaa nitawapa jibu. Nilikubali, tena kwa furaha. Furaha ile haikuwa ya mtu anayetaka kusaidia.

Aliyekuwa akipimiwa miji alikuwa mpwa wangu, binti pekee wa dada yangu. Alikuwa akifanya kazi Mombasa kwenye ofisi ndogo ya uchapaji. Anachora kwa kompyuta: nembo za biashara, matangazo, kurasa za simu ambazo mtu anabonyeza anunue tikiti au alipe bili ya maji. Sasa kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imeziona kazi zake mtandaoni, ikamhoji kwa video, ikamwambia aje. Alikuwa amekuja nyumbani Msambweni kumweleza mama yake, nami nikaitwa. Alipoutaja mshahara wa Nairobi nilikuwa nakunywa chai. Ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa Mombasa. Niliimeza chai bila kuipuliza ikaniunguza koo, nikasema, "Mashallah."

Kwetu sisi Wadigo, mjomba si mgeni wa kuja harusini kula pilau na kuondoka. Watoto wa dada ni watoto wako, na zamani waliokurithi ni wao, si wanao wa kuzaa. Mambo hayo yamepungua sana, lakini kwenye nyumba ya dada yangu hayakupungua. Baba wa binti aliondoka siku nyingi, ana mke mwingine na mashamba yake upande wa Jego. Aliyemsindikiza binti shule siku ya kwanza ni mimi. Aliyemtafutia chuo ni mimi. Basi binti akamwahidi mama yake mbele yangu: "Atakalosema mjomba ndilo nitakalolifanya." Aliahidi akicheka, kama mtu anayejua jibu litakuwa zuri.

Nieleze wivu wangu, maana bila huo hakuna cha kusimulia.

Nilipomaliza kidato cha nne niliingia kazi ya kuandika mabango kwa mkono, na sikuwahi kuwa na kazi nyingine. Ukitembea Ukunda na Diani miaka ile, nusu ya ulichokuwa unasoma nilikiandika mimi. Bucha, kinyozi, duka la dawa, majina ya mashua za watalii zenye kioo chini, "Mbwa Mkali" kwenye mageti ya wazungu. Nilikuwa na mkono. Watu walisimama nyuma yangu kutazama nikivuta herufi moja kwa pumzi moja. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na mtu akawa anapata bango lenye picha yake mwenyewe kabla ya mimi kumaliza kupiga rangi ya kwanza. Rangi zilinikaukia kwenye makopo.

Binti yule alijifunza herufi kwangu kabla ya kuzijua za kompyuta. Mimi ndiye niliyemfundisha kuacha nafasi kati ya herufi na herufi ili neno lipumue. Sasa alikuwa analipwa kwa mwezi mmoja zaidi ya nilichokuwa nikikipata msimu mzima wa watalii, kwa kazi ileile ya kupanga herufi, akiwa amekaa kwenye kiti chenye magurudumu. Na alikuwa ameitwa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko fedha. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunipigia simu kutoka mji mwingine akasema, tumeiona kazi yako, njoo.

Tena nina mwanangu wa kiume. Ana cheti cha hoteli, na cheti hicho kinamwagilia bustani Diani. Msimu ukishuka anaambiwa apumzike nyumbani bila malipo. Nilikuwa namtazama akila ugali kimya, kisha namsikia dada yangu kwenye simu akisema binti yangu hivi, binti yangu vile. Mke wangu aliniona. Jioni ile niliporudi kutoka Msambweni nikiwa sisemi, alinitazama kidogo akasema, "Wewe bwana, huo si uso wa mjomba. Huo ni uso wa mke mwenza."

Nilimwambia aache upuuzi. Lakini aliona sawa.

Kazi ya kupima niliianza vizuri. Nilikuwa na rafiki Nairobi, mtu wa bara, mpishi aliyekaa miaka mingi kwenye hoteli za Diani kabla ya kustaafu na kurudi kwao. Ni Mkristo, mtu wa kwaya, na Kiswahili chake Diani haikukinyoosha hata kidogo. Nikampigia.

"Aki mzee wangu! Umepotea! Nilidhani ulishakuliwa na papa!"

Nikamweleza habari ya binti, nikamwuliza kodi za nyumba.

"Inategemea anataka kukaa wapi," akasema. "Akitaka Kilimani, hapo ajipange, huko ni kwa watu wa magari. Lakini huku Kayole anapata chumba kizuri bei ya kawaida, haitapita sana hiyo ya Mombasa. Sukuma wiki ni bei rahisi kuliko huko kwenu. Baridi tu ndiyo itamsumbua."

Nikamshukuru. Nilikuwa nataka kukata simu, yeye akaendelea.

"Lakini ngoja, mzee. Huyo si ni mtoto wa dada yako? Huyo ni wetu. Wangu wote waliolewa wakaenda, chumba iko tu hapo, mama anaweka viazi. Akuje akae na sisi. Mwezi, miezi, halipi kitu, mpaka ajue mji. Na umwambie nguruwe hatupiki. Msikiti uko hapo tu, adhana tunaisikia kitandani."

Nikacheka naye. Nikamwambia Mungu ambariki, nitawafikishia. Nilipokata simu nilikaa nikiwa nimeishika mkononi. Nilijua kwamba habari hiyo ndiyo hasa dada yangu alikuwa akiisubiri. Mshahara haukumtia hofu, kodi haikumtia hofu. Hofu yake ilikuwa mahali ambapo mtoto atalala usiku wa kwanza.

Nikachukua ubao wangu wa kazi, nikaupiga rangi nyeupe, nikaugawa katikati kwa mstari. Upande wa kushoto niliandika MOMBASA kwa buluu, upande wa kulia NAIROBI kwa nyekundu. Ningeweza kuwaambia kwa mdomo, lakini miaka ya mabango ilinifundisha kitu kimoja: watu huamini kilichoandikwa vizuri. Bucha chafu yenye herufi safi hupata wateja. Nilijua ninachokifanya wakati nachanganya rangi.

Kwa upande wa Nairobi niliweka kodi ya Kilimani. Chumba cha Kayole sikukitaja. Niliukata mshahara ushuru, bima, hifadhi ya uzeeni na kila makato niliyowahi kuyasikia redioni. Nikaongeza nguo za baridi. Nikaongeza nauli ya kuja nyumbani, tena mara nyingi kuliko mtu yeyote anavyoweza kuja. Kwa upande wa Mombasa niliweka chumba chake cha Likoni na nauli yake ndogo, kwa maana kwenye kivuko waendao kwa miguu hawalipi. Chakula nilikiandika kidogo sana, kwa sababu mama yake alikuwa akimpelekea nazi, mihogo na samaki wa kukaanga. Makato ya Mombasa niliyasahau. Sikuyasahau, niliyaacha.

Ijumaa baada ya swala nikaubeba ubao kwa bodaboda hadi kwa dada. Alikuwa amepika wali wa nazi na mchuzi wa changu, nasi tulikula kwanza, kwa kuwa mambo makubwa hayazungumzwi watu wakiwa na njaa. Kisha nikauegemeza ubao ukutani.

"He!" dada yangu akasema. "Kaka, hii hesabu ama bango la hoteli?"

Binti alisogea karibu, akachuchumaa mbele ya ubao, akautazama kwa jicho la kazi yake.

"Mjomba," akasema, "Mombasa umeichora kama unaiuza. Tazama, herufi zimekaa kwa raha zao, zinapumua. Nairobi umeibana. Na nyekundu hii ndiyo ile ya 'Hatari, Umeme'."

Dada akacheka. Nami nikacheka, jasho likinitoka kwapani.

"Soma hesabu, acha rangi," nikamwambia.

"Kodi hii ya Nairobi ni ya wapi?"

"Kilimani. Karibu na kazini."

"Na nani amesema nitakaa Kilimani? Wenzangu wanakaa mbali, wanaamka mapema, wanapanda gari."

"Mtoto wa kike, alfajiri, peke yako, kwenye mji usioujua?"

"Mjomba, mimi hupanda kivuko cha Likoni kila siku na watu wanaosukumana kama mbuzi wa Idi. Na hiki chakula cha Mombasa, mbona kidogo hivi? Mimi mwenyewe nakula zaidi ya hiki."

"Nazi na mihogo mama yako anakuletea."

"Mkwezi wa hizo nazi halipwi?"

Hapo dada yangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "Umepatikana, kaka! Mkwezi umemdhulumu!"

Binti alitoa simu yake akapiga hesabu. Hata kwa ubao wangu wa uongo, Nairobi ilikuwa inabakiza zaidi ya Mombasa. Kidogo, lakini zaidi. Akanionyesha. Aliniita mjomba kwa upole, hakutaka kunishinda mbele ya mama yake, lakini alikuwa amenishinda, na yeye alijua. Nilitazama vidole vyake kwenye kioo cha simu, vidole nilivyovifundisha kushika brashi, na wivu ukanipanda kama kitu kilichochemka na kumwagika jikoni.

Dada akaacha kucheka. Akaniuliza jambo moja tu.

"Hesabu mimi sizijui. Niambie hivi, kaka. Huko Nairobi, hakuna mtu wetu wa kumpokea? Hata wa kumlaza siku za mwanzo? Yule rafiki yako mpishi, je?"

"Hakuna," nikasema. "Yule sasa yuko kwao kijijini."

Nilisema hivyo, dada yangu akiwa ameketi mbele yangu, mchuzi wake bado uko mikononi mwangu. Kisha, kwa kuwa hesabu ilikuwa imenishinda, niliiacha hesabu nikashika cheo. Nikasema mimi ndiye mjomba na mimi nimesema hapana, atakaa Mombasa, karibu na mama yake. Nikamkumbusha kwamba aliahidi.

Binti aliirudisha simu mfukoni. Alimtazama mama yake, mama yake akainamisha macho. Kisha akasema, "Sawa, mjomba. Niliahidi." Alitoka uani kupiga simu, na tulimsikia akizungumza Kiingereza na watu wa Nairobi, akishukuru, akiomba radhi, akishukuru tena. Aliporudi alikuwa amekwisha kunawa uso. Alikusanya sahani, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Usiku ule nililala vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Kazi ya Nairobi ilichukuliwa na kijana wa bara aliyekuwa akikaa meza ya pili kutoka kwake pale pale Mombasa. Binti mwenyewe ndiye aliyemwelekeza. Nilisikia baadaye kwamba kijana yule amenunua gari, na, ajabu ya moyo wangu, nilimwonea wivu yeye pia, kana kwamba ile nafasi ilikuwa imeibwa kwangu.

Ofisi ya Mombasa ilianza kulipa nusu, kisha kulipa kwa ahadi, kisha ikafunga milango. Binti akarudi nyumbani na kompyuta yake. Alikodi sehemu ya kibanda Ukunda, pamoja na mtu wa kutoa kopi, akawa anatengeneza kadi za harusi na mabango ya mikutano ya injili, na watu wanabishana naye juu ya kila shilingi kama walivyokuwa wakibishana nami. Nilikuwa nikipita pale kila nikienda sokoni. Nakaa kwenye benchi lake, ananiagizia kahawa, tunazungumza juu ya wateja wasiojua wanachokitaka. Nilimpenda sana miezi ile. Alikuwa amerudi mahali nilipo, na mimi nilikuwa nimeridhika. Mwanangu alikuwa akimwagilia maua, mtoto wa dada alikuwa akibandika picha za bibi arusi, hapakuwa na wa kumtangulia mwenzake. Nilidhani huo ndio ujamaa.

Dada yangu hakuwa ameridhika. Alikonda. Alikuwa ameacha kusema "binti yangu" kwenye simu.

Kisha rafiki yangu mpishi akaja pwani. Mwana wa mpishi mwenzake wa zamani alikuwa anaoa Diani, naye alikuja na kwaya yake kuimba. Hakuniambia, alitaka kunishtukiza. Aliulizia nyumba, akaelekezwa kwa dada yangu, akafika Msambweni na mkewe na gunia la viazi kama zawadi. Dada akanipigia simu kwa furaha: njoo, mgeni wako yuko hapa. Nilipofika walikuwa wamekaa barazani wote, na binti akiwamo, kwa kuwa ilikuwa Jumapili.

"Huyu ndiye msichana wa kompyuta?" mgeni akauliza, akinikumbatia. "Aki wewe, ulitukosea! Mama alitoa viazi yote kwa chumba, akanunua hata neti ya mbu. Tukangoja. Nikampigia mzee, akaniambia umeghairi, umependa bahari."

Dada yangu aliweka kikombe chini. Mgeni alidhani hawakumsikia, kwa hiyo akaeleza vizuri zaidi, kwa ukarimu wake wote: chumba, bure, miezi mpaka ajue mji, msikiti ulio karibu, nguruwe hawapiki. Mkewe alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila neno. Kila neno lilikuwa jema, na kila moja lilikuwa linanizika.

Dada yangu alinigeukia. "Ulisema yuko kijijini."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa siku hii mara nyingi, nilikuwa na maneno kuhusu usalama wa mtoto wa kike, na kukaa nyumba ya watu wa dini nyingine, na baridi. Hayakuja. Nikasema, "Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nini?" dada akauliza. Kweli hakuelewa. "Wa mtoto?"

Binti hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliinuka akaenda kumtilia mgeni chai, na alipopita mbele yangu akasema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mteja, "Ningekaa na wewe hata kama ningekuwa na kazi ya Nairobi, mjomba. Ningekuja kila Krismasi na kila Idi, nikae nawe barazani kwako. Hukuhitaji kunirudisha."

Hakusubiri tena jibu la mtu. Alipopata kazi Dar es Salaam hakuuliza mji wa bei rahisi wala wa bei ghali. Nilipata habari kwa mke wangu kwamba alikwisha kuvuka Lunga Lunga asubuhi na mama yake alimsindikiza hadi mpakani. Mimi nilikuwa nyumbani nimelala.

Wivu haukufa kwa aibu, kama mtu anavyoweza kudhani. Hata leo, nikikutana na mtu aliyetoka Dar, namwuliza kodi za Sinza, bei ya mchele, nauli ya mabasi ya mwendokasi. Nazigeuza shilingi zao kuwa shilingi zetu kichwani. Natafuta mahali ambapo anapungukiwa. Naulizia kama joto la kule ni kali kuliko letu. Mtu ananijibu, nami najiona ninavyofurahi akisema maisha ni magumu, na ninavyonyamaza akisema si mabaya.

Mwaka huu alichumbiwa. Kwa desturi yetu posa haijibiwi mpaka mjomba aulizwe, na wazee wa upande wa mwanamume waliijua desturi hiyo, walikuwa tayari wamevaa kanzu kuja kwangu. Dada yangu aliwaelekeza kwa binamu yetu wa Vanga, binamu huyo akakaa kwenye nafasi ya mjomba, akapokea yeye, akajibu yeye. Nilialikwa harusini kama jirani, kwa ujumbe wa simu. Nilikwenda. Nilikaa mkekani na wanaume wengine, nikala, na bibi arusi alipotolewa kuwasalimu wazee alinipa mkono, akasema shikamoo, akasogea kwa anayefuata.

Nilichokipoteza ni hiki. Sina mpwa tena. Yuko hai, ana afya, ana kazi nzuri, lakini si wangu. Dada yangu, ambaye tumebaki wawili tu kwa mama yetu, hunisalimu njiani na kupita, na mlangoni kwake sijapiga hodi tangu harusi. Binti alipoteza miaka ambayo ilipasa iwe ya kuanza kwake, na hiyo hakuna mwenye uwezo wa kumrudishia, mimi nikiwa wa kwanza. Haya yote ni kwa sababu niliulizwa kama mtoto ana mahali pa kulala, nami nikasema hakuna.